Kiti cha meza ya chakula kilichokuja kwenye boksi: namna ya kukiunganisha kisicheze wala kupasuka

Malalamiko kuhusu viti vya boksi hayabadiliki. Kiti kinachechemea. Bolti ya mwisho imegoma kuingia. Mbao imepasuka pembeni mwa tundu. Au kiti kilikuwa imara mwezi wa kwanza, kisha kikaanza kulia kila mtu akikikalia.

Mara nyingi chanzo ni kimoja: bolti zilikazwa mapema mno, moja baada ya nyingine, kabla kiti hakijasimama kwa miguu yake minne. Ukikaza kiunganishi cha kwanza mpaka mwisho, umeshaamua pembe ya mguu ule. Kama umekosea kwa milimita mbili tu, kosa hilo linahamia kwenye kiunganishi cha pili na cha tatu, na likifika cha mwisho matundu hayaonani tena. Hapo ndipo watu hushika nyundo.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja inayotawala nyingine zote: bolti zote ziingie kwanza zikiwa legelege, kukaza ni kazi ya mwisho.

Nimechukua mfano wa kiti cha mbao chenye muundo ulioenea: fremu ya nyuma (egemeo na miguu miwili ya nyuma, vikiwa vimeshaungwa kiwandani), miguu miwili ya mbele, mbao ya mbele, mbao mbili za ubavu, vipande vya pembe na kikalio. Vingi vya aina hii hutengenezwa kwa mti wa mpira au msonobari. Kama chako kina umbo tofauti kidogo, fuata picha za karatasi yake kuhusu kipi kinaingia wapi, na ufuate mwongozo huu kuhusu namna ya kukiingiza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua boksi

- Alenki, ule ufunguo mdogo wa chuma uliopinda mfano wa herufi L, wenye ncha ya pembe sita. Huja ndani ya boksi. Bolti za viti hivi mara nyingi ni M6 (yaani unene wa milimita 6), na alenki yake huwa ya milimita 4 au 5. Ukiweza, nunua nyingine ya chuma kigumu kwenye duka la vifaa, kwa sababu hii ya boksi huwa laini na ncha yake hulika.
- Bisibisi ya nyota kwa skrubu za kikalio, na bisibisi bapa ndogo kwa kugeuza nati.
- Nyundo ya mpira. Kama huna, nyundo ya kawaida na kipande cha mbao laini cha kupokea pigo. Nyundo ya chuma isiguse kiti moja kwa moja.
- Futi ya tepu na penseli.
- Tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ya kuwekea alama.
- Blanketi kuukuu, mkeka, au lile boksi lenyewe likiwa limekunjuliwa.
- Bakuli mbili za kuwekea bolti na skrubu.
- Msasa laini, namba 120 au 180.
- Gundi ya mbao, ile nyeupe ya maji, lakini soma kwanza nilichoandika kuihusu kwenye hatua ya 4.

Drili ya betri iache kabatini. Inakaza haraka kuliko mkono unavyoweza kuhisi, na kwenye kiti kuhisi ndiyo kazi yenyewe. Misumari na supaglu pia havina nafasi hapa. Msumari haushiki mbao inayotikiswa kila siku, na supaglu ikikauka hukatika kwa mshtuko mdogo.

Tenga saa moja kwa kiti cha kwanza. Vinavyofuata vitakwenda haraka zaidi. Kama umenunua vinne au sita, fungua boksi moja kwa wakati mmoja. Ukichanganya vipande vya viti viwili, hutajua tena bolti iliyobaki ilikuwa ya kipi.

## Hatua ya 1: Acha boksi lizoee chumba

Liingize boksi ndani ulilaze chali, likae siku moja au mbili kabla ya kulifungua. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kiti kilichokaa kwenye ghala kavu kikifika Tanga, Zanzibar au Mombasa huvimba kidogo, na kile kinachoingizwa kwenye nyumba yenye kiyoyozi muda wote, kama ilivyo kwa wengi walioko Muscat au Dubai, husinyaa. Ukiunganisha siku ile ile, doweli (vijiti vya mbao vya kuunganishia) hugoma kuingia, au bolti hulegea baada ya wiki chache.

Ukifungua, kata tepu kwa kisu kilichotoa ncha fupi tu, milimita chache, ukivuta kuelekea mbali na mwili wako na mbali na mkono unaoshika boksi. Ng'oa pini za chuma za boksi, zihesabu, zitupe mara moja. Mifuko ya plastiki na vipakiti vya kukausha unyevu viondoke chumbani kabla mtoto hajaviona. Mtoto mdogo anaweza kukosa pumzi akiuvaa mfuko kichwani, na bolti au nati ni kitu anachoweza kumeza. Kama kuna watoto wanaotambaa, fanya kazi hii wakiwa wamelala au kwenye chumba kinachofungwa mlango.

## Hatua ya 2: Hesabu, panga, weka alama

Tandika blanketi. Toa kila kipande ukilinganishe na orodha ya kwenye karatasi. Kinachopungua kipungue sasa, ukiwa bado unaweza kurudisha boksi dukani likiwa na vyake vyote. Muuzaji hupokea kwa urahisi kiti ambacho hakijaguswa.

Bolti zipange kwa urefu. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu bolti ya milimita 60 na ya 70 zinafanana mno ukizitazama moja moja. Zipime: bolti hupimwa kuanzia chini ya kichwa mpaka ncha. Skrubu zenye kichwa bapa kinachozama kwenye mbao hupimwa pamoja na kichwa chake. Bolti fupi ikiingia mahali pa ndefu itashika nyuzi mbili tatu tu za nati, nayo itang'oka siku mtu mzito akiketi.

Utakuta pia washa za aina mbili. Moja ni bapa, nyingine imekatwa na kupinda kidogo, hiyo ni ya springi. Mpangilio wake ni huu: kichwa cha bolti, washa ya springi, washa bapa, kisha mbao. Washa bapa hutawanya nguvu ili kichwa kisizame kwenye mbao. Ya springi husukuma muda wote ili bolti isilegee kiti kikitikisika. Ukizigeuza, ile ya springi itachimba mbao, na bapa haitakuwa na kazi.

Sasa mbao za ubavu. Zinafanana, lakini mara nyingi moja ni ya kulia na nyingine ya kushoto, kwa sababu viti vingi ni vipana mbele kuliko nyuma na vichwa vya mbao hizo vimekatwa kwa mshazari. Ziweke zilivyo kwenye picha, zibandike tepu ya karatasi, na uandike KULIA na KUSHOTO. Kulia ni mkono wa kulia wa mtu aliyekaa kwenye kiti. Andika pia JUU kwenye kila kipande, na mshale wa upande unaotazama ndani ya kiti.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kunyooshea kidole kila tundu na kusema ni kitu gani kitaingia humo.

## Hatua ya 3: Kagua mbao

Pitisha kidole polepole kwenye kila mguu, hasa kuzunguka matundu. Tafuta ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mbao, fundo lililo jirani na tundu, au rangi iliyoingia ndani ya tundu ikakauka.

Rangi na vumbi vya ndani ya tundu unaweza kuvitoa kwa kijiti na pumzi. Ufa huwezi kuutoa. Mguu wa nyuma wenye ufa mahali mbao ya ubavu inapoingia usiutumie hata kama ufa ni mwembamba kama unywele. Kiungo hicho ndicho kinachobeba mzigo mkubwa kuliko vyote kwenye kiti, kwa kuwa kila mtu anapoegemea nyuma, egemeo hugeuka kuwa mtaimbo unaong'oa hapo hapo. Piga picha, rudisha.

## Hatua ya 4: Doweli

Doweli ni vile vijiti vya mbao vyenye mifereji ubavuni. Kipimo kinachoonekana sana ni milimita 8 kwa unene na 30 kwa urefu. Kazi yake ni kuzuia vipande visizunguke. Bolti inavuta, doweli inaelekeza.

Ziingize kwanza zikiwa kavu, bila gundi. Sukuma kwa kidole, kisha gonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Nusu iingie, nusu ibaki nje. Ikiwa doweli ni ya milimita 30, pima inayobaki nje: iwe karibu 15. Ikibaki 20, kuna vumbi ndani ya tundu, au hujaifikisha mwisho. Usiache hivyo, kwa sababu doweli iliyojitokeza sana itagonga mwisho wa tundu la upande wa pili, mbao mbili hazitagusana, na utadhani bolti ndiyo yenye matatizo.

Ikigoma, usiipige kwa hasira. Itoe, ipitishe kwenye msasa mizunguko michache, ijaribu tena.

Kuhusu gundi. Kama karatasi haiitaki na unahama nyumba mara kwa mara, usiitumie. Kiti kisicho na gundi kinafunguka, kinarudi kwenye boksi, kinapanda gari. Kama boksi limekuja na kichupa cha gundi, au unajua kiti hiki hakitaondoka hapo, itumie, ila baada ya kuunganisha kiti kizima kikavu mara moja na kuona kila kitu kinaonana. Sababu ni muda. Gundi nyeupe huanza kushika ndani ya dakika kama kumi, na kwenye joto letu huwahi zaidi. Ukianza nayo ukakwama katikati kutafuta bolti, viungo vitakauka vikiwa vimepinda na hutavifungua tena bila kuvunja.

Weka tone dogo ndani ya tundu, ulisambaze kwa kijiti. Usijaze. Gundi iliyojaa haina pa kwenda doweli inapoingia, inasukuma kuta za tundu na mbao hupasuka. Mifereji ya doweli ipo ili gundi ya ziada ipande juu. Inayotoka nje ifute mara moja kwa kitambaa chenye maji.

## Hatua ya 5: Fremu ya mbele

Laza miguu ya mbele juu ya blanketi, matundu ya doweli yakitazamana. Weka mbao ya mbele katikati. Sukuma pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, ili zisogee sambamba. Ukiingiza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, doweli za upande wa pili zitaingia mshazari na kukwaruza tundu.

Kisha nati. Viti vingi vya aina hii hutumia nati ya silinda: kipande kifupi cha chuma, cha mviringo, chenye tundu la nyuzi ubavuni. Kinaingia kwenye tundu lililo upande wa ndani wa mbao, na bolti inapita ndani ya mguu, inaingia kwenye kichwa cha mbao, inakutana nacho humo gizani.

Hapa ndipo watu hupoteza nusu saa. Itazame nati kabla ya kuiingiza. Kwenye uso wake mmoja kuna mfereji, mfano wa ule wa kichwa cha skrubu. Uso huo utazame nje. Kwa kawaida mfereji umelala sambamba na tundu la nyuzi, kwa hiyo ukiuelekeza kwenye njia ya bolti kwa bisibisi bapa, tundu nalo limeelekea bolti. Kwenye nati nyingi tundu haliko katikati kamili, liko karibu na ncha moja. Ukiiingiza kichwa chini miguu juu, bolti itagonga chuma tupu na haitashika hata ukizungusha mpaka usiku.

Sasa ingiza bolti kwa vidole, bila alenki. Ikigusa nati, izungushe kwanza kinyumenyume, kuelekea kushoto, taratibu. Utahisi imedondoka kidogo: mwanzo wa nyuzi za bolti umeangukia mwanzo wa nyuzi za nati. Hapo ndipo ugeuze kwenda kulia. Iende mizunguko minne au mitano kwa vidole kabla hujashika alenki.

Onyo: bolti inayoanza kuwa ngumu kwenye mzunguko wa kwanza imeingia mshazari. Ukiilazimisha itakata nyuzi mpya juu ya zile za zamani, na nati itakuwa imekufa. Itoe yote, sawazisha nati kwa bisibisi, anza upya.

Bolti ikishashika, izungushe kwa alenki mpaka kichwa kiguse washa na washa iguse mbao, kisha irudishe nyuma nusu mzunguko. Ukishika mguu na kuutikisa, ucheze kidogo. Ndivyo inavyotakiwa kwa sasa.

## Hatua ya 6: Mbao za ubavu na fremu ya nyuma

Laza fremu ya nyuma kwenye blanketi, upande wa kukalia ukitazama juu. Fremu hii ndiyo kipande kizito na kirefu, kwa hiyo ishike kwa mikono miwili, piga magoti badala ya kuinama, na mwombe mtu akusaidie kama mgongo wako una historia.

Simamisha mbao za ubavu kwenye matundu yake, ile ya KULIA na ile ya KUSHOTO kama ulivyoandika. Ingiza nati, anzisha bolti kwa vidole, ziache legelege. Kisha weka fremu ya mbele juu ya vichwa vya mbao hizo mbili. Doweli nne zinatakiwa kuonana kwa mpigo, na hili ndilo jambo pekee kwenye kazi nzima ambalo ni gumu kweli ukiwa peke yako. Mwenzako ashike upande mmoja. Mwambie asiweke vidole kati ya mguu na mbao, maana vipande hivi hufunga ghafla vikikubali.

Kama vinapungukiwa milimita chache, gonga kwa nyundo ya mpira ukihama kulia na kushoto. Kama vinapungukiwa zaidi ya hapo, usigonge. Rudi utazame: ama doweli moja imejitokeza sana, ama mbao za ubavu zimebadilishana nafasi.

Ingiza bolti zilizobaki. Hakikisha kila bolti ya kiti imeshashika nati yake kabla hujakaza hata moja. Ikiwa kiti chako kina vijiti vya chini vinavyounganisha miguu, navyo viingie katika hatua hii hii, kwa kuwa baada ya kukaza hutaweza kuitanua miguu ili viingie.

## Hatua ya 7: Simamisha, pima, ndipo ukaze

Hii ndiyo hatua inayoamua kama kiti kitachechemea. Usiifanye kiti kikiwa kimelala.

Tafuta sehemu bapa. Sakafu ya vigae mara nyingi si bapa kama inavyoonekana, na ya saruji ya mkono ni zaidi. Meza imara au ubao mnene wa plaiwudi uliolazwa sakafuni unafaa. Simamisha kiti hapo, bado kikiwa legelege. Bonyeza pembe nne za fremu kwa viganja, moja baada ya nyingine, mpaka miguu yote iguse.

Pima mishazari miwili ya fremu ya kikalio: kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili viwe sawa. Hata kama kiti ni kipana mbele na chembamba nyuma, mishazari yake hulingana ikiwa pande mbili ziko sawa. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2 au 3, shika pembe mbili za ule mshazari mrefu uzisukume zikaribiane, upime tena.

Kisha kaza, kwa utaratibu huu:

1. Mwenzako abonyeze fremu kuelekea chini kwa mikono miwili, bila kuegemea upande mmoja.
2. Peleka kila bolti mpaka washa iguse mbao. Usipite hapo.
3. Kaza robo mzunguko bolti ya nyuma kulia, halafu mbele kushoto, nyuma kushoto, mbele kulia. Kama kila pembe ina bolti mbili, anza na za juu zote, kisha za chini zote.
4. Rudia, robo kwa robo, ukifuata njia ile ile, mpaka zote zigome.

Shika mkono mrefu wa alenki kwa vidole vitatu, usiukumbatie kwa ngumi. Nguvu ya vidole inatosha kwa M6 kwenye mbao. Usiongeze bomba kwenye alenki ili upate nguvu zaidi.

Utajua umefika mahali pazuri kwa ishara tatu: washa ya springi imelala bapa, karatasi ya daftari haipiti kati ya mguu na mbao, na kichwa cha bolti hakijazama kwenye rangi. Ishara ya hatari: bolti iliyokuwa inagoma ikaanza kwenda kirahisi ghafla. Maana yake mbao inapondeka ndani au nyuzi za nati zinalika. Acha hapo hapo, ilegeze, utazame.

Kama umetumia gundi, kiti kisimame hivyo hivyo bila kukaliwa kwa saa 24.

## Hatua ya 8: Vipande vya pembe na kikalio

Vipande vya pembe, vile vya pembetatu, huongeza nguvu kwenye kila kona na mara nyingi ndivyo vinavyoshika kikalio. Vifunge baada ya fremu kukazwa, si kabla, la sivyo vitaishika fremu ikiwa imepinda.

Sasa tahadhari ambayo kutoifuata kumeharibu vikalio vingi: pima skrubu kabla ya kuifunga. Chukua unene wa mbao ambayo skrubu inapita, jumlisha na unene wa plaiwudi ya kikalio. Skrubu iwe fupi kuliko jumla hiyo kwa angalau milimita 3. Mfano: kipande cha pembe chenye unene wa milimita 20 na plaiwudi ya 12 vinafanya 32. Skrubu ya 35 itatokeza juu na kumchoma anayekaa, ya 28 iko salama.

Weka kikalio kifudifudi kwenye blanketi, kiti juu yake kichwa chini, linganisha ukingo wa mbele. Ingiza skrubu zote kwa bisibisi ya mkono zikiwa legelege, kisha uzikaze kwa mshazari. Skrubu ya mbao ikigoma, acha kusukuma na zungusha polepole. Ikizunguka bila kushika, tundu limelika, na tiba yake iko chini.

## Hatua ya 9: Kijaribu kabla hujamkaribisha mtu

Rudisha kiti kwenye ile sehemu bapa. Gusa pembe ya mbele, kisha pembe ya nyuma iliyo mkabala. Kikibembea, kwanza jua kama ni kiti au ni sakafu: kizungushe robo duara hapo hapo. Mguu ule ule ukiendelea kuning'inia, tatizo ni la kiti. Ukibadilika, ni la sakafu.

Kisha, kiti kikiwa sakafuni, ketia ukingo wa mbele, mkono ukiwa mezani. Kisha jongea katikati. Kisha egemea taratibu, miguu yako ikiwa sakafuni. Sikiliza: mlio mmoja wa mbao kukaa mahali pake si tatizo, mlio unaorudi kila ukitikisika ni bolti iliyolegea. Mwishowe inua kiti kwa egemeo. Kisilegee popote.

Pima pia kama kinaendana na meza. Kutoka juu ya kikalio hadi juu ya meza, nafasi ya sentimita 27 hadi 30 ndiyo inayomfanya mtu ale bila kuinua mabega.

## Yakikwama

Kiti kinachechemea. Legeza bolti zote nusu mzunguko, si moja tu, rudi hatua ya 7. Hili hutibu vingi. Kama mguu mmoja bado uko juu kwa milimita 1 au 2, bandika chini yake kipande cha kitambaa kizito. Ukiwa juu kwa zaidi ya 3, kagua kama mbao za kulia na kushoto zimebadilishana. Usikate miguu kwa msumeno. Ukikata mmoja utalazimika kukata wa pili, na kiti kitazidi kushuka.

Tundu la skrubu limelika. Toa skrubu, paka gundi ya mbao kwenye njiti mbili tatu za kiberiti zisizo na kichwa, zijaze tunduni, zikate sawa na uso wa mbao. Acha usiku kucha, kisha rudisha skrubu kwa mkono.

Kichwa cha bolti kimelika na alenki inateleza. Jaribu alenki mpya ya kipimo hicho hicho. Ikishindikana, mpelekee fundi seremala aitoe kwa koleo, kisha ununue bolti ya kipenyo na urefu ule ule. Beba ya zamani dukani, usikisie.

Bolti zinalegea zenyewe. Baada ya wiki mbili za kukaliwa, pindua kiti ukaze kila bolti. Hii si dalili ya ubovu, mbao imekaa mahali pake. Rudia kila miezi mitatu hadi sita, na kila msimu unapobadilika kutoka mvua kwenda kiangazi. Pwani, angalia kutu kwenye vichwa vya bolti. Zilizoanza kuliwa zibadilishe kabla hazijakwama.

Mbao imepasuka. Ufa kwenye kikalio au kipande cha pembe unaweza kubanwa kwa gundi na kamba iliyokazwa, ukaachwa saa 24. Ufa kwenye mguu wa nyuma, au kwenye kichwa cha mbao ya ubavu penye nati, hautengenezwi kwa gundi ya nyumbani. Kiondoe kiti mezani siku hiyo hiyo, kigeuze kichwa chini ili asije mgeni akakikalia bila kujua, na uagize kipande kipya au umpe seremala achonge kingine kwa kukifuata cha zamani.